Hospitali zinalia uhaba wa wauguzi, Bunge la Marekani haliongezi viza: anayepinga ni nani hasa?

Muuguzi wa Kisauni (Mombasa)

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni muuguzi mwenye miaka tisa wodini, na swali langu ni la siasa kuliko la taratibu za viza, kwa sababu taratibu nimezijua hadi zimenichosha. Nilifaulu NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi ya Marekani, nikapata mwajiri huko, ombi likapelekwa na likakubaliwa mwaka 2023, na tangu hapo kila mwezi nafungua taarifa ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo kuangalia kama zamu yangu imefika. Upo mwezi ambao tarehe ya maombi yanayoshughulikiwa husogea wiki mbili tatu, upo ambao haitikisiki, na mwaka 2024 ilirudi nyuma, kama foleni ambayo mtu aliyekuwa wa ishirini anaambiwa kuwa sasa ni wa hamsini.

Najua kwamba tatizo ni hesabu. Viza za ukaazi wa kudumu zinazotolewa kwa njia ya ajira ni kama 140,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, kiwango kilichowekwa na sheria ya mwaka 1990, na ndani yake huhesabiwa pia wake, waume na watoto wa walioajiriwa, hivyo familia moja ya watu wanne hula nafasi nne. Sisi wauguzi tumewekwa katika fungu la tatu pamoja na mafundi na wahitimu wa kila aina.

Lisiloniingia akilini ni hili. Hospitali za huko zinasema hazina wauguzi wa kutosha. Chama cha Republican husifika kwa kuwasikiliza waajiri, na chama cha Democratic husifika kwa kuwatetea wahamiaji. Basi kati ya hao wawili, nani anakataa? Mwaka 2020 maseneta wa vyama vyote viwili walipeleka mswada wa kuokoa viza 40,000 ambazo ziliwahi kuidhinishwa miaka ya nyuma zikabaki bila kutumika, 25,000 ziwe za wauguzi na 15,000 za madaktari. Haukuwa hata mswada wa kuongeza kiwango cha kila mwaka. Umerudishwa bungeni zaidi ya mara moja, na hadi leo haujawa sheria. Je, hii ni chuki ya wageni tu, au ipo hoja ambayo sisi tulio upande huu wa bahari hatuioni?


Bi Sauda wa Columbus (Ohio)

Dada yangu, pole kwa kungoja. Mimi ni Mtanzania, niko Ohio kwa miaka mingi, ni muuguzi kama wewe, na ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo nitakujibu nikiwa nimeketi upande wa wale wanaopinga, ingawa mwenyewe niliingia kwa mlango huohuo unaougonga wewe.

Chama kikubwa cha wauguzi cha hapa, National Nurses United, husema waziwazi kwamba Marekani haina uhaba wa wauguzi; ina uhaba wa kazi ambazo muuguzi anaweza kuzifanya bila kuvunjika mgongo. Wapo watu wengi wenye leseni halali ambao wamekimbia wodi wakaenda kufanya kazi za bima, za ofisini, au wamekaa nyumbani. Hoja yao ni kwamba ukimpa mwenye hospitali mlango wa kuleta watu kutoka Manila, Accra au Mombasa, hatakuwa na sababu ya kuirekebisha wodi ili waliokimbia warudi. Ndiyo maana wanachopigania wao ni sheria ya idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi. California inayo tangu mwaka 2004: katika wodi za kawaida, muuguzi mmoja asizidishiwe wagonjwa watano. Hapa kwetu Ohio sheria kama hiyo hatuna, na ukifika zamu ya usiku utaelewa ninachosema.

Jambo la pili halisemwi hadharani mara nyingi, lakini katika mikutano yetu ndilo linalowachoma watu. Katika hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, ambayo sitaitaja, waliletwa wauguzi kutoka nje kupitia wakala, wakiwa wamesaini mkataba wa miaka mitatu wenye faini ya maelfu ya dola kwa atakayeondoka mapema. Walikuwa wauguzi hodari, baadhi yao hodari kuliko sisi. Lakini tulipoandika barua ya kulalamikia idadi ya wagonjwa, hakuna hata mmoja wao aliyeweka sahihi. Hawakuwa waoga, walikuwa na deni. Menejimenti ililijua hilo vizuri, na sisi tulijua kwamba inalijua.

Sasa usinielewe vibaya. Ukija kwa fungu la tatu unaingia ukiwa mkaazi wa kudumu, na kwa upande wa sheria ya uhamiaji mwajiri hakumiliki. Kinachokufunga ni ule mkataba. Chama changu, kwa maoni yangu, kinakosea pale kinapolaumu viza kwa kosa la mkataba. Ningependa kipiganie kufutwa kwa faini hizo kisha kikae kimya juu ya idadi ya viza. Nimelisema hilo katika mkutano, na nilipigiwa makofi na watu wanne.


Msomaji wa Miswada (Nairobi)

Ndugu Muuguzi, swali lako la nani anakataa lina mtego ndani yake, kwa sababu linadhani kwamba lazima awepo mtu anayesimama na kusema hapana. Nafundisha sheria, na nimefuatilia miswada hii kwa muda mrefu. Nitakupa mkondo wa matukio, kisha utaona kwamba katika siasa za viwango vya uhamiaji wa kazi, anayepinga hahitaji kushinda kura. Anahitaji siku zipite.

Chukua mfano wa viza ya muda ya H-1B, ile ya wahandisi na wataalamu wa kompyuta, kwa kuwa historia yake iko wazi kuliko ya viza yenu. Sheria ya mwaka 1990 iliweka kikomo cha 65,000 kwa mwaka. Biashara ya intaneti ilipopamba moto, kampuni za teknolojia zikalia, na mwaka 1998 Bunge likapandisha kikomo hadi 115,000 kwa miaka miwili, lakini wapinzani wakalipwa: kila ombi likatozwa dola 500 za kufundishia Wamarekani na kuwapa ufadhili wa masomo. Oktoba 2000 kikapandishwa tena hadi 195,000 na ada ikawa dola 1,000. Seneti ilipitisha kwa kura 96 dhidi ya 1, na Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kauli ya sauti, bila jina la mtu yeyote kuandikwa. Tafakari hapo. Jambo linalosemekana kuwa kiini cha ugomvi wa taifa lilipita, na mpiga kura hana njia ya kujua mbunge wake alisema nini.

Lakini nyongeza hiyo ilikuwa na tarehe ya mwisho. Ilidumu hadi Septemba 2003. Wakati huo kampuni za intaneti zilikuwa zimeanguka, wahandisi wa California walikuwa mitaani, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kusimama kuomba nyongeza iendelee. Hivyo tarehe 1 Oktoba 2003 kikomo kikarudi 65,000 chenyewe, bila mswada, bila hotuba, bila kura. Desemba 2004 ziliongezwa nafasi 20,000 kwa wenye shahada za uzamili kutoka vyuo vya Marekani, zikiwa zimefichwa ndani ya sheria ya bajeti, na ada ikapanda hadi dola 1,500 kwa mwajiri mkubwa. Tangu siku hiyo hadi ninapoandika, zaidi ya miaka ishirini, hesabu hiyo haijabadilika hata kwa nafasi moja. Wanaotaka kupunguza hawajafaulu kupunguza, na wanaotaka kuongeza hawajafaulu kuongeza.

Majaribio makubwa yalikuwa mawili. La kwanza ni la mwaka 2007, wakati Rais George W. Bush na Seneta Edward Kennedy walipoungana katika mswada mmoja uliochanganya msamaha kwa wasio na vibali, ulinzi wa mpaka na mpango wa wafanyakazi wageni wa muda. Mpango huo ulianza na nafasi 400,000 kwa mwaka; Seneti ikazipunguza hadi 200,000. Kisha Seneta Byron Dorgan wa North Dakota, wa chama cha Democratic na kipenzi cha vyama vya wafanyakazi, akaleta marekebisho kwamba mpango wote ufe baada ya miaka mitano. Yalipita kwa kura 49 dhidi ya 48. Miongoni mwa waliounga mkono alikuwemo seneta kijana wa Illinois aitwaye Barack Obama, na walikuwemo pia wahafidhina ambao hawakujali mfanyakazi wala mwajiri, bali waliona kwamba marekebisho hayo yatawaudhi waajiri na kuuzamisha mswada mzima. Mwisho wa Juni mswada ukapata kura 46 za kuendelea, ilhali zilihitajika 60. Hapo ndipo ulipo ushirika ninaotaka uuone: mmoja anapinga kwa sababu ya mshahara, mwingine kwa sababu ya mpaka, hawapendani, hawaaminiani, lakini kura zao zinahesabiwa pamoja.

La pili ni la mwaka 2013. Safari hii vyama vya wafanyakazi na Chama cha Wafanyabiashara cha Marekani walikaa mezani kabla, wakakubaliana juu ya viza mpya kwa kazi zisizohitaji shahada, ianze na nafasi 20,000 na isizidi 200,000, ikipanda na kushuka kulingana na hali ya ajira. Kwa maoni yangu hayo ndiyo makubaliano ya busara kuliko yote yaliyowahi kufikiwa katika suala hili, kwa sababu yalikubali kwamba idadi isiwekwe kwa ubishi wa wanasiasa kila baada ya miaka kumi. H-1B nayo ingepanda hadi 115,000, na baadaye ingeweza kufika 180,000. Seneti ilipitisha kwa kura 68 dhidi ya 32. Seneta Jeff Sessions wa Alabama, mhafidhina wa Republican, alipinga kwa hoja ambazo ungedhani zimeandikwa na kiongozi wa wafanyakazi: kwamba nyongeza ya wafanyakazi wageni itashusha mishahara ya Wamarekani wa kawaida. Katika Baraza la Wawakilishi, Spika John Boehner hakuuleta hata upigiwe kura. Juni 2014 kiongozi wa Republican katika baraza hilo, Eric Cantor, akashindwa katika kura za mchujo jimboni kwake na profesa wa uchumi ambaye karibu hakujulikana, aliyemshambulia kwa kulegea juu ya uhamiaji, na baada ya hapo hakuna mtu katika uongozi aliyetaka kuugusa mswada huo.

Kwa hiyo mswada wenu wa wauguzi haukupigwa risasi. Uliachwa juani. Anayetaka kuwasaidia wauguzi huambiwa na wenzake asubiri mageuzi makubwa, kwa sababu kila upande unahofia kwamba ukilitoa jambo jepesi leo, kesho hautakuwa na cha kubadilishana kwa lile gumu. Watetezi wa wasio na vibali huona wauguzi kama farasi wa kulivuta gari zima, na wapinzani nao huona kwamba gari zima likisimama, farasi pia amesimama.


Kijana wa Kariakoo (Dar es Salaam)

Naomba niingize neno moja kabla hatujawahukumu Wamarekani. Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uuzaji wa rejareja, utumaji wa pesa kwa simu, ukarabati wa simu, saluni na uongozaji wa watalii. Sisi wenye vibanda Kariakoo tulishangilia, na nasema sisi kwa kuwa nilikuwemo, maana tulikuwa tumelia kwa muda mrefu kwamba wageni wenye mitaji wanauza reja reja bidhaa walizopaswa kutuuzia sisi kwa jumla. Majirani zetu wa Kenya walikasirika, na baadhi walitutukana.

Siku ile sikujiona mwenye chuki. Nilijiona mtu anayelinda mlo wake. Kwa hiyo ninapomsoma muuguzi wa Ohio anayepinga viza kuongezwa, siwezi kujifanya kwamba simjui. Dada Muuguzi, samahani, najua wewe ni Mkenya na hili linaweza kukuuma.


Muuguzi wa Kisauni

Haliniumi, kaka, limenichekesha kidogo, kwa sababu shangazi yangu alikuwa na saluni Arusha. Lakini tofauti ninaiona. Wewe unalalamika juu ya mtu aliyekuja na mtaji akakushinda bei. Mimi naitwa na mwajiri aliyetangaza nafasi, nafasi ambayo serikali yao yenyewe imeiweka katika orodha ya kazi zisizo na watu wa kutosha, kiasi kwamba mwajiri wangu hakutakiwa hata kupima soko la ajira kwanza. Mkono mmoja wa serikali umeandika kwamba nahitajika, na mwingine umeniambia nikae nje.


Mchumi wa Njiani (Kampala)

Nitazungumzia hoja ya mishahara peke yake, kwa kuwa ndiyo inayobeba mzigo wote na ndiyo inayosemwa kwa uhakika mkubwa na watu wasioipima.

Kuanzia mwaka 1942 hadi 1964 Marekani ilikuwa na mpango ulioitwa Bracero, uliowaingiza Wameksiko kwa mikataba ya muda kulima na kuvuna. Serikali iliufunga ili, pamoja na mambo mengine, mishahara ya vibarua Wamarekani ipande. Mwaka 2018 wachumi watatu, Michael Clemens, Ethan Lewis na Hannah Postel, walichapisha utafiti uliolinganisha majimbo yaliyowategemea sana vibarua hao na yale ambayo hayakuwa nao. Mishahara haikupanda kwa kasi zaidi kule walikoondolewa. Wakulima walinunua mashine, hasa za kuvunia nyanya huko California, na mazao yasiyovunika kwa mashine wakayapunguza. Mwanasiasa alifikiri kwamba mkulima ana njia mbili tu, kumleta mgeni au kumpandishia mwenyeji, kumbe alikuwa na ya tatu.

Hata hivyo si haki kusema kwamba wapinzani hawana ushahidi wowote. Kirk Doran, Alexander Gelber na Adam Isen walizichunguza kampuni zilizoshinda na zilizoshindwa katika bahati nasibu iliyotumika kugawa nafasi za H-1B maombi yalipozidi kikomo, jambo zuri kwa mtafiti maana bahati haina upendeleo, wakaona kwamba mfanyakazi mgeni aliyepatikana kwa kiasi kikubwa alichukua nafasi ya mwingine ambaye kampuni hiyo ingemwajiri. Naye Britta Glennon akaonyesha upande wa pili: kikomo kilipobana baada ya 2003, kampuni kubwa za kimataifa za Marekani ziliongeza ajira katika matawi yao ya Kanada, India na China. Kwa hiyo unaweza kumzuia mhandisi asiingie Seattle, ukamkuta amekaa Vancouver akifanya kazi ileile kwa mwajiri yuleyule, na kodi yake analipwa waziri mkuu wa Kanada. Microsoft ilifungua ofisi yake ya Vancouver mwaka 2007, mwaka uleule mswada wa Bush ulipokufa.

Muuguzi, kwa bahati mbaya, hawezi kumwosha mgonjwa wa Ohio akiwa Vancouver. Ndiyo sababu nadhani hoja ya mishahara ina nguvu zaidi katika hospitali kuliko katika ofisi za kompyuta, na hospitali ndiko ambako hakuna mashine ya kuvunia nyanya.


Abiria wa Minneapolis (Minnesota)

Nimesoma majibu yote kwa makini, na naona yanawasafisha Wamarekani kwa sabuni ya uchumi. Mimi ni mzaliwa wa Bujumbura. Juni 2025 nchi yangu iliwekwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamewekewa vikwazo vya kuingia Marekani, na hakuna aliyeniambia kwamba Warundi tumeshusha mshahara wa mtu.

Tazameni historia. Mwaka 1924 Marekani iliweka viwango kwa kila nchi vilivyopigwa kwa asilimia 2 ya watu waliozaliwa nchi hiyo waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 1890, na sensa ya zamani ilichaguliwa makusudi ili Waitaliano, Wayahudi wa Ulaya Mashariki na Waslavi wawe wachache. Waliounga mkono walitumia lugha ya damu na rangi bila haya. Lakini aliyekuwemo upande huohuo, akitumia lugha ya mshahara, ni Samuel Gompers, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ambaye mwenyewe alizaliwa London na kuhamia New York akiwa kijana. Viwango vya namna hiyo vilidumu hadi mwaka 1965. Ndugu Msomaji amesema kwamba kura za watu wasiopendana zinahesabiwa pamoja. Naongeza kwamba mwenye hoja safi anapaswa kuulizwa kwa nini kila mara hujikuta basi moja na mwenye hoja chafu, na kwa nini hashuki.


Bi Sauda wa Columbus

Mwanangu wa Minneapolis, swali lako ni la haki, na sitalikwepa. Baadhi walishuka. Mwezi Februari 2000 shirikisho la AFL-CIO, mrithi wa chama cha Gompers, lilibadili msimamo wake wa miaka mingi, likataka wasio na vibali wahalalishwe na likasema kwamba mfanyakazi asiye na haki ndiye anayeshusha mshahara, awe mgeni au mwenyeji. Wengi wa vijana wanaosafisha hoteli na majengo waliojiunga wakati huo walikuwa wahamiaji, na viongozi walifanya hesabu. Lakini walichoendelea kukipinga ni viza za muda zinazomfunga mtu kwa mwajiri mmoja. Kwao hilo na uhamiaji wa kudumu si kitu kimoja, na hapo nakubaliana nao kabisa.

Seneta Bernie Sanders, wa mrengo wa kushoto, ni mfano wake. Mwaka 2007 aliupinga mswada wa Bush, na Januari 2025 akaandika dhidi ya H-1B akisema kwamba hutumiwa kuwaleta watu wa mshahara mdogo wasioweza kumwacha mwajiri. Wiki chache kabla yake, Desemba 2024, matajiri Elon Musk na Vivek Ramaswamy walikuwa wakiitetea viza hiyo, na Steve Bannon, mshauri wa zamani wa Trump, akiwashambulia kutoka ndani ya kambi yao wenyewe ya Trump. Kwa siku chache Sanders na Bannon walikuwa upande mmoja. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikahuzunika, kwa sababu nilijua kwamba hawatakubaliana juu ya jambo la pili, lile la kumpa mgeni haki ya kuhama kazi, na jambo hilo ndilo lingemsaidia kila mtu.


Msomaji wa Miswada

Bi Sauda amegusa penyewe, na naomba nimalizie kwa kueleza kinachotokea Bunge linapoendelea kunyamaza, kwa kuwa ndicho kitakachomhusu Ndugu Muuguzi.

Idadi isipowekwa na Bunge, huwekwa na mtu mwingine. Viza za H-2B, za kazi za msimu kama hoteli, bustani na viwanda vya samaki, zina kikomo cha 66,000 tangu mwaka 1990. Wabunge wanaotoka majimbo yenye hoteli wanataka zaidi, lakini hawataki kuonekana wakipiga kura ya kuongeza wageni. Basi tangu mwaka 2017 huingiza katika sheria ya bajeti kifungu kinachompa Waziri wa Usalama wa Ndani ruhusa ya kuongeza akiona inafaa, na katika miaka ya bajeti ya 2023, 2024 na 2025 aliongeza nafasi 64,716 kila mwaka, hivyo jumla ikawa karibu mara mbili ya kiwango. Viza za mashambani, H-2A, hazina kikomo chochote, nazo zimekua hadi nafasi zinazoidhinishwa kuvuka 300,000 kwa mwaka, chini ya vyama vyote viwili, bila kelele. Mnaona mantiki yake: vibarua wa msimu, wanaofungwa kwa mwajiri na wanaorudi kwao mavuno yakiisha, huongezwa kimyakimya, anayetaka kukaa na siku moja kupiga kura ndiye anayebishaniwa.

Na anayeweza kuongeza peke yake anaweza kubana peke yake. Tarehe 19 Septemba 2025 Rais Trump alitangaza malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi. Ile ada ya dola 500 ya mwaka 1998 ilikuwa bei ya kununulia nyongeza, na ilipatikana kwa majadiliano. Hii ya sasa ni ukuta, na hakuna mbunge aliyeulizwa. Kikomo cha 65,000 bado kimeandikwa palepale katika sheria.

Wauguzi wengi, dada, hawaombi H-1B, kwa hiyo malipo hayo si yako. Foleni yako ndiyo ileile, na mwaka wa bajeti wao huanza Oktoba, wakati nafasi mpya zinapofunguliwa. Kama tarehe itasogea, kwa kawaida husogea katika miezi ya mwanzo. Kuanzia Julai usitegemee.


Muuguzi wa Kisauni

Nawashukuru nyote, hasa Bi Sauda, ambaye nitamwandikia kando kuhusu vifungu vya mkataba wangu, kwa sababu baada ya kusoma jibu lake nimeutoa kabatini na nimekuta faini imo, ukurasa wa sita, kwa herufi ndogo.

Nilikuja nikidhani nitatajiwa mtu wa kumlaumu. Sasa naelewa kwamba wapo wanaonipinga kwa jina langu, wapo wanaonipinga kwa sababu ya mwajiri wangu, na wapo wasiojua kabisa kwamba nipo, na hao wa mwisho ndio wengi.

Mwenzangu wa zamu alianza kusoma Kijerumani baada ya Kenya na Ujerumani kutia sahihi mkataba wa wafanyakazi Berlin mwezi Septemba 2024, akalenga kiwango cha B2 ambacho huhitajika ili kusajiliwa kama muuguzi huko. Alinialika mwaka jana nikakataa, nikasema mimi nina tarehe yangu tayari. Darasa lake ni Jumamosi asubuhi, Nyali. Wiki hii nimemwomba anishikie kiti.